Herufi za Mkono wa Kushoto

Chumba chetu cha kazi kina nusu mbili. Nusu ya dirishani ni yangu. Hapo pana cherehani, pasi na kopo la vifungo. Nusu ya mlangoni ni ya mume wangu. Hapo pana rangi, mafuta ya taa na brashi zaidi ya arobaini. Harufu ya mafuta ya taa huingia mpaka kwenye magauni ya wateja wangu. Wanalalamika, lakini wanarudi.

Mume wangu ni mchora mabango. Mtaa mzima unamwita Brashi. Mimi pia namwita hivyo, nikiwa na furaha naye. Nikiwa nimekasirika namwita "wewe".

Ukitembea mtaani kwetu, unasoma mkono wake. Bango la bucha ni lake. La kinyozi ni lake. La mashine ya kusaga ni lake. Herufi zake zina tumbo la kushiba na miguu iliyonyooka. Kila moja ina kivuli chembamba upande wa kushoto. Hazipimi kwa rula. Anazipima kwa jicho tu, na hazipindi.

Kisha yakaja mabango ya plastiki. Mashine inayatoa kwa saa moja. Baada ya mwaka yanapauka na kuchanika, lakini wateja hawajali. Kazi za Brashi zikapungua. Muuza kava za simu akaanza kupita mlangoni kwetu na kupima nusu ya Brashi kwa hatua zake.

"Mzee, siku hizi hutumii sana nafasi hii, eti?" aliuliza siku moja.

"Nipe miezi mitatu," Brashi alimjibu. "Nikikosa kazi, nafasi ni yako. Brashi zangu nitazifunga kwenye gunia."

Alisema huku anacheka. Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Kicheko kile nakijua, nacho si kicheko.

Mwezi wa kwanza ukapita hivi hivi. Mwezi wa pili, asubuhi moja, Brashi alitazama nje akaganda. Msichana mwenye miwani mikubwa alikuwa amesimama mbele ya bucha. Alikuwa anapiga picha bango kwa simu.

Brashi alivuka barabara bila kuangalia magari. Nami nikamfuata na futi yangu shingoni.

"Unapiga nini hapo?"

"Shikamoo, mzee. Napiga picha bango hili. Limenipendeza sana."

"Marahaba. Nani kakuruhusu?"

"Mwenye bucha amesema hakuna shida."

"Mwenye bucha anajua nyama. Hizo herufi ni zangu."

Msichana alitia simu mfukoni papo hapo. "Samahani sana, mzee. Kweli, nilipaswa kukuuliza wewe kwanza."

Adabu hiyo ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Zamani Brashi alichora simba kwenye ukuta wa kinyozi. Kwa haraka alimpa masharubu matatu upande mmoja na manne upande wa pili. Akaja mtu mwenye kamera kubwa. Alimsifu Brashi, akanywa chai yangu, akapiga picha, akaaga. Baada ya miezi michache simba yule alijaa sokoni kwenye fulana. Masharubu matatu huku, manne kule. Jina la Brashi halikuwapo. Tangu siku hiyo mume wangu akiona kamera anaona mwizi.

Basi yule msichana, ambaye sisi tulimpachika jina Binti Miwani, akaingia chumbani kwetu. Alikaa kwenye kigoda akaeleza.

"Mimi na wenzangu tuna karakana upande wa pili wa mji. Ni biashara ya kijamii."

"Ndiyo mdudu gani huyo?" Brashi aliuliza.

"Ni biashara kama nyingine, mzee. Inauza na inapata faida. Lakini haikuanzishwa ili mtu mmoja atajirike. Imeanzishwa ili kutatua tatizo la watu. Tatizo letu ni hili: wachora mabango wanakosa kazi, na ufundi wao unapotea. Sisi tunachukua herufi za fundi tunaziingiza kwenye kompyuta. Anayetaka kuzitumia analipia. Fundi anapata sehemu yake, na jina lake linaandikwa. Faida inayobaki inafundisha vijana uchoraji."

"Na wewe unapata nini?"

"Mshahara, kama wafanyakazi wenzangu."

"Mh," alisema Brashi. Ile "mh" ilikuwa ndefu.

Binti Miwani alipoondoka, Brashi alinigeukia. "Umeona? Maneno matamu. Yule wa simba naye alikuwa hivyo hivyo. Aliisifu hata chai yako."

"Chai yangu ni nzuri."

"Siku ile ulisahau sukari. Ndiyo maana nasema alikuwa mwongo."

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa anasema kweli.

Siku mbili baadaye Binti Miwani alirudi na karatasi nyeupe kubwa. Nilidhani Brashi atamfukuza. Badala yake alimchekea. Alimpangusia kigoda kwa kitambaa! Mimi hanipangusii kigoda.

"Niachie karatasi, binti yangu," alisema. "Keshokutwa njoo uchukue herufi zote. Fundi hachori akitazamwa."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Brashi hupenda kutazamwa. Akipanda ngazi na watu wasipokusanyika, hushuka akakohoa kwanza.

Nikamtilia shaka mume wangu mwenyewe. Binti Miwani alipokwenda, Brashi alifunga mlango. Akatandaza karatasi mezani. Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Kisha akaihamishia mkono wa kushoto.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Akiiba, aibe hizi," alisema.

Mkono ule haujawahi kushika brashi. Herufi zilitoka zinayumba. Nyingine zilikuwa na tumbo mgongoni. Nyingine zilipiga magoti. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Na nikiri kosa langu: karatasi ilipoteleza, mimi ndiye niliyemshikia.

Binti Miwani alikuja kuzichukua. Alizitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena.

"Mzee, hizi ndizo herufi zako?"

"Ndizo."

Akanitazama mimi. Nikainama, nikashona haraka haraka. Cherehani haikuwa na uzi.

"Sawa," alisema taratibu. Akatoa nakala mbili za mkataba. "Huu usome kwanza. Kaa nao hata wiki nzima. Ukiwa na swali, namba yangu iko chini."

"Cha kusoma nini?" alisema Brashi. Akatia sahihi hapo hapo, kwa mkono ule ule wa kushoto. Aliona anafanya mchezo. Herufi si zake, sahihi si yake, basi hakuna kitu. Binti Miwani alichukua nakala moja. Nakala yetu Brashi aliiweka chini ya kopo la rangi nyekundu ili izuie matone.

Zikapita wiki tatu. Brashi alikuwa na furaha ya mtu aliyemzidi mwizi ujanja. Kila jioni aliniuliza, "Unadhani yule binti sasa yuko wapi na matakataka yangu?"

Mimi ndiye niliyeyakuta. Nilikwenda zahanati mpya kupima presha. Nilifika mlangoni nikasimama. Mlango wa kwanza uliandikwa CHANJO. Wa pili MAABARA. Wa tatu DAWA. Herufi zote zilikuwa zinayumba na kupiga magoti. Nilizijua kama ninavyojua watoto wangu. Na ukutani, pembeni ya lango, palikuwa na maandishi safi ya chapa: Herufi za zahanati hii ni mkono wa Fundi Brashi.

Kwenye benchi wanawake wawili walikuwa wanayatazama.

"Maskini Brashi," alisema mmoja. "Mzee kaisha. Mkono unatetemeka."

"Bango langu la saluni nilitaka akalirudie," alisema mwingine. "Sasa hapana. Nitakwenda kwa mashine."

Muuguzi alinipima presha. Alinipima tena. Akaniuliza kama nimekimbia.

Nilimwambia Brashi mchana ule ule. Hakuniamini. Akaenda mwenyewe. Aliporudi, hakutazama brashi zake. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Jina langu wameliandika kubwa," alisema. "Kubwa kweli."

Nilimwonea huruma. Muda mfupi tu, maana alisimama ghafla.

"Si nilikwambia? Huyu binti katumwa! Anataka kuniharibia jina ili mabango yote yaende kwenye mashine! Nampeleka mahakamani!"

Jirani yetu wa ukuta mmoja anaitwa Karani. Alifanya kazi mahakamani miaka mingi. Sasa amestaafu, anawaandikia watu barua na kuwasomea nyaraka zao. Naye hamwamini mtu yeyote. Ukimsalimia "habari za asubuhi" anatazama saa kwanza.

"Mkataba uko wapi?" Karani aliuliza.

Tuliubandua chini ya kopo. Duara jekundu lilikuwa katikati. Karani alivaa miwani.

"Nani aliusoma kabla ya sahihi?"

Mimi nikamtazama Brashi, Brashi akatazama kopo.

"Na sahihi hii mbona imepinda?"

"Nilitia kwa mkono wa kushoto," alisema Brashi. "Kwa hiyo si yangu. Si ndiyo?"

Karani alimtazama juu ya miwani. "Jirani, mahakamani niliona watu wanatia dole gumba, na kesi inakwenda. Sahihi ni sahihi, hata ungetia kwa mguu. Umekubali kwa hiari yako, basi."

Akatusomea. Kila alipofika pagumu alisimama akaeleza kwa maneno ya kawaida. Herufi zinabaki mali ya Brashi. Jina lake ni lazima liandikwe. Karakana haina ruhusa ya kubadili umbo la herufi hata moja bila idhini yake. Sehemu ya malipo ni yake kila zinapotumika. Kisha Karani akarudia mstari mmoja mara mbili: fundi anaweza kurekebisha herufi zake, au kuziondoa, akitoa taarifa ya siku saba.

"Huu si mkataba wa mwizi," alisema Karani. Alisema kama mtu aliyekosa kitu alichokitafuta.

"Na simba wangu?" Brashi aliuliza. "Mbona yule aliniibia?"

"Simba alikuwa wako tangu ulipomchora. Hiyo inaitwa hakimiliki. Lakini ulikuwa na nini cha kuonyesha? Ulitia jina lako ukutani? Ulitia tarehe? Ulibaki na picha?"

"Hapana."

"Basi siku nyingine tia. Kazi yako iwe na jina, tarehe na nakala. Na mtu akitaka kuitumia, mwambie aandike ataitumia wapi, kwa muda gani, na wewe utapata nini. Shaka yako si mbaya, jirani. Ubaya wake ni kwamba haikuuliza chochote. Ilikaa kimya ikachora kwa kushoto."

Brashi alijikuna kichwa. Mimi nilitazama sakafu. Ile karatasi niliishika mimi.

"Lakini msimwamini haraka," Karani aliendelea. "Mkataba mzuri hata tapeli anaweza kuuchapa. Twendeni tukaone."

Kesho yake asubuhi tulikwenda bila kutoa taarifa. Karani ndiye aliyetaka hivyo. Karakana ilikuwa ghala la zamani lenye madirisha makubwa. Ndani, vijana kumi na wawili walikuwa wanafanya mazoezi ya brashi kwenye vipande vya mbao. Ukutani palikuwa na cheti cha usajili. Karani alikisoma mpaka muhuri. Akanakili namba yake kwenye daftari.

Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mnene, ambaye kazi yake ni kuandika kwenye malori. Karani alimvuta pembeni.

"Dada, tuambie ukweli. Hawa watu wakoje?"

Mama wa malori akacheka. "Mimi niliwachunguza miezi minne. Nilimtuma mpwa wangu ajifanye mteja, anunue herufi zangu. Nikasubiri nione kama nitaambiwa. Niliambiwa siku ile ile. Sasa niko kwenye kamati. Mafundi tuko watatu kati ya watano, na kila baada ya miezi mitatu tunasomewa mahesabu. Wanajua kwamba sidanganyiki."

Binti Miwani alitoka ofisini. Alipomwona Brashi, alisimama.

"Shikamoo, mzee."

Brashi hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye lake. "Siku ile ulipiga picha bango la bucha. Picha bado unayo?"

"Ninayo." Akatoa simu akamwonyesha. Herufi zile zilisimama na matumbo yao ya kushiba.

"Basi uliona kwamba zile nilizokupa hazifanani na hizi."

"Niliona, mzee. Ndiyo maana nilikuuliza. Ukasema ndizo. Singeweza kukuita mwongo mbele ya mkeo."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Kwa nini basi hukutumia za bucha?" Sauti ya Brashi ilikuwa imeshuka. "Picha unayo. Ni nzuri. Ungezichukua tu."

"Za bucha hukuniruhusu," alisema Binti Miwani. "Uliniruhusu zile."

Mume wangu aligeuka akatazama dirishani. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na mafuta ya taa hayakuwapo karibu ya kusingiziwa.

"Marahaba, binti yangu," alisema. "Nilikuona mwizi. Nisamehe."

"Nami nimekosa, mzee. Nilijua hujasoma, nikakuacha utie sahihi. Sitamwacha mwingine."

Mimi ningeishia hapo, tukanywa maji tukarudi nyumbani. Karani hakuwa na haraka hiyo.

"Mimi nina swali," alisema. "Karakana hii ikifungwa kesho, herufi za huyu zinakwenda wapi?"

Binti Miwani alichukua nakala ya mkataba akaipekua. Akamtazama mama wa malori. Mama wa malori akatazama dari.

"Hilo hatukuliandika," alisema Binti Miwani.

"Basi liandikwe."

Kamati ilikutana wiki ile ile. Wakaongeza mstari kwenye mikataba ya mafundi wote: karakana ikifungwa, herufi zinarudi kwa mwenyewe, na hakuna mwingine atakayeuziwa. Karani alitembea mtaani siku mbili kama bwana harusi.

Brashi alichora upya herufi zote, mlango ukiwa wazi. Watu walikusanyika, hakuhitaji kukohoa. Kila karatasi alitia jina na tarehe, na nakala moja akabaki nayo. Kwa upande wa zahanati, hakutaka kungoja kompyuta. Alipanda ngazi mwenyewe, vijana wawili wa karakana wakashika rangi, akapaka milango yote kumi kwa mkono. Wale wanawake wa benchi walikuwapo. Yule wa saluni alimtaka aje siku inayofuata. Brashi alimwambia asubiri wiki mbili, ana kazi nyingi. Alirudi nyumbani akanirudia maneno hayo mara tano.

Miezi mitatu ikatimia. Muuza kava akaja kupima kwa hatua zake. Akakuta vijana watatu wa karakana wanajifunza hapo, hata pa kuweka mguu hapana. Alipanga chumba cha pili kutoka kwetu. Kabla hajafungua duka alituagiza bango. La rangi, alisema, si la plastiki. Brashi alimtilia shaka kidogo, kisha akalichora.

Zile karatasi za mkono wa kushoto Brashi alizibandika ukutani, zimsute. Juzi Binti Miwani alikuja na mwalimu mkuu wa shule ya chekechea. Mwalimu aliziona akapiga makofi.

"Hizi! Hizi ndizo nazitaka kwa madarasa yangu. Zinafanana na wanavyoandika watoto. Wataona kwamba hata wao wanaweza."

Brashi alinitazama. Nami nikamtazama. Ilikuwa kama mzaha.

Binti Miwani alitoa mkataba. Mara hii hakuuweka mezani. Aliushikilia mkononi mpaka Brashi avae miwani. Mume wangu akasoma. Akarudi mwanzo akasoma tena. Akauliza maswali manne. Akagonga ukuta kumwita Karani, akauliza la tano. Mwalimu mkuu alianza kutazama saa yake.

Mwishowe Brashi akachukua kalamu. Nikaacha kushona. Nikamkazia macho, kwa sababu namjua.

Alitia sahihi kwa mkono wa kulia.